FUNDI SAA ALIYEMPA MKONO ADUI YAKE

Kijana unayesoma karatasi hii, pengine uko stendi unangoja gari, au umekaa kijiweni na wenzako. Usiitupe kwanza! Je, yuko mtu aliyekutenda vibaya, hata ukisikia jina lake tu moyo unachemka? Basi nikusimulie habari za mama mmoja, Corrie ten Boom.

Alizaliwa mwaka 1892 nchini Uholanzi. Baba yake, mzee Casper, alikuwa fundi saa katika mji wa Haarlem, na Corrie akajifunza kazi hiyo hiyo. Hakuolewa. Mpaka anafika miaka hamsini alikuwa bado anaishi pale pale dukani na baba yake na dada yake Betsie, anatengeneza saa za watu. Mtu wa kawaida kabisa!

Mwaka 1940 majeshi ya Hitler yakaivamia Uholanzi. Wayahudi wakaanza kukamatwa na kupelekwa kuuawa. Wengi walifunga milango yao, mzee Casper akafungua wake. Wakajenga ukuta wa uongo chumbani kwa Corrie, na nyuma yake wakaacha nafasi isiyofika hata upana wa mita moja, ili watu wajifiche polisi wakija.

Tarehe 28 Februari 1944 wakaja kweli, maana kuna mtu aliwauza. Wakapekua nyumba nzima, wakampiga Corrie makofi. Watu sita walikuwa nyuma ya ule ukuta, na hawakuonekana! Lakini familia ilikamatwa. Mzee alikuwa na miaka 84. Ofisa akataka kumwachia akalale kwake, mradi asilete tena matata. Mzee akakataa, akamweleza wazi kwamba kesho yake yeyote akibisha hodi atamfungulia. Siku kumi baadaye akafia kifungoni. Wewe kijana, ukimpata mzee wa namna hiyo, shikamana naye.

Corrie na Betsie wakaishia kambi ya wanawake ya Ravensbrück, Ujerumani. Huko ni njaa, baridi na viboko. Bweni lao, namba 28, lilijaa viroboto. Betsie akamwambia mdogo wake wamshukuru Mungu hata kwa viroboto. Corrie akaona dada sasa amezidi! Baadaye ndipo wakajua: walinzi hawakutaka kuingia mle kwa sababu ya viroboto hao hao, ndiyo maana wale wanawake waliweza kusoma Biblia ya kufichaficha bila kukamatwa.

Siku moja mlinzi akamchapa Betsie kwa kuwa hana nguvu za kubeba udongo. Corrie akapandwa na hasira, akakamata koleo amwendee. Betsie akamzuia, akalifunika jeraha kwa mkono wake, akamwomba asiliangalie hilo, amwangalie Yesu. Huyo ni mgonjwa wa upungufu wa damu, hajiwezi, lakini ndiye mwalimu! Aliwahurumia hata walinzi. Alipanga vita ikiisha wafungue nyumba ya kuwatunza watu walioumizwa. Tarehe 16 Desemba 1944 akafa. Kabla mwezi haujaisha Corrie akaachiliwa. Baadaye akaja kujua ilikuwa ni makosa ya makaratasi tu.

Ile nyumba akaifungua. Akaanza kuzunguka akihubiri. Mwaka 1947 alikuwa Munich, Ujerumani. Baada ya ibada mwanamume mmoja akamjia, na Corrie akamtambua palepale. Mlinzi wa Ravensbrück! Sasa ameokoka, amenyosha mkono, anaomba asamehewe. Na Corrie ndiyo kwanza ametoka kuhubiri msamaha!

Mkono wake ukagoma. Akamkumbuka Betsie. (Usidhani mtu akiokoka anasahau yote, hapana.) Akamwomba Yesu kimoyomoyo amsaidie, maana yeye mwenyewe msamaha huo hana. Akanyosha mkono mkavu kama mti, bila kusikia chochote. Mikono iliposhikana, ndipo upendo ukamjia kwa nguvu, machozi yakamtoka.

Alihubiri katika nchi zaidi ya 60, hata Uganda alifika. Alifariki tarehe 15 Aprili 1983, siku aliyotimiza miaka 91.

Sasa turudi kwako. Lile jina bado linakuchoma? Yesu aliyemsaidia Corrie yupo. Njoo leo jioni uwanjani, na baada ya mahubiri pita mbele, hata kama umekuja na kandambili. Utatukuta chini ya jukwaa, tutaomba pamoja nawe.