Abbé Stefano Kaoze, mwanafunzi wa walimu wema



Siku ya jubilei ni siku ya kushukuru Mungu kwa ajili ya wale waliotutangulia katika imani. Inafaa basi tukumbuke maisha ya Abbé Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mukongomani wa nyakati zetu. Tunasema wa nyakati zetu, kwani katika ufalme wa kale wa Kongo mapadri weusi walikuwako, hata na askofu mumoja, Henrique, mwana wa mufalme Afonso.

Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886 katika milima ya Marungu, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Siku zile inchi ilikuwa katika taabu, maana wafanya biashara ya watumwa waliteka watu na kuchoma vijiji. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea boma la Mpala, na watu wengi walitafuta kimbilio kwao. Kijana Kaoze aliingia katika masomo yao, akabatizwa, akapewa jina la Stefano.

Kule alikuta mwalimu asiyekuwa mwepesi: Monsenyeri Victor Roelens, Mubelgiji, aliyewekwa askofu mwaka 1896. Wazungu wengi wa wakati ule hawakusadiki kwamba mutu mweusi aweza kusoma filozofia na teolojia mpaka mwisho. Roelens alifungua seminari, lakini hakuharakisha mutu kufika altareni. Alipima vijana wake mwaka kwa mwaka, kwanza Mpala, kisha Lusaka, ile ya upande wetu wa Tanganyika, si ile ya Zambia. Wengine walirudi nyumbani. Kaoze angaliweza kuhesabu urefu ule kuwa zarau, naye angaliondoka. Alibaki, kwa sababu alijua kwamba anayemupima ndiye pia anayemulea.

Mutu mwingine wa kukumbuka ni Padri Arthur Vermeersch, Muyezuiti mwenye elimu kubwa. Yeye alitaka kujua namna watu wetu wanavyofikiri, na Kaoze, angali mwanafunzi wa seminari, aliandika kwa kifaransa juu ya roho na mawazo ya Wabantu. Vermeersch aliyatoa maandiko yale katika gazeti huko Ubelgiji, miaka ya 1910 na 1911. Tutazame jambo hili vizuri: mutu wa elimu hasemi tu, anajua vilevile kusikiliza mwanafunzi.

Wala Kaoze hakusahau walimu wake wa kwanza, ndio wazee wa Marungu. Kilatini hakikumufundisha kuwacheka. Aliandika pia habari za kale za ukoo wa watu wake, zisipotee pamoja na wale waliozijua.

Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, panapoitwa leo Kirungu, Monsenyeri Roelens alimuwekea mikono, akawa padri. Alitumika katika misioni za kando ya Tanganyika, na baada ya vita ya pili ya dunia aliitwa kuketi katika baraza kubwa la serikali ya koloni. Alikufa mwaka 1951. Mwaka 2017 Eklezia ya Kongo ilishangilia miaka 100 ya upadri wake.

Wapendwa, maisha haya yanatuuliza sisi sote. Kijana anayetaka hekima, atafute mutu mwenye kumuogopa Mungu, asiyemusifu bure, naye avumilie kuonywa. Asitupe mashauri ya babu zake kwa sababu amepata diploma, wala asikatae mwalimu mugeni kwa sababu ni mugeni. Apime matunda, kama Bwana wetu alivyotufundisha. Nasi wazazi, makatekista na mapadri, tujiulize: ni nani tunayemulea leo? Tunaogopa atupite? Mutume Paulo alimulea Timoteo ili kazi iendelee bila yeye. Parokia isiyolea vijana haitafika jubilei nyingine.

Tumuombe Roho Mutakatifu, aliye Mwalimu wa walimu wote, atupe wazee wenye saburi na vijana wenye masikio. Amina.