Ibn Khaldun na funzo la kupoteza cheo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kugawa riziki kwa amtakaye. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, yapo mazungumzo yanayofanyika katika nyumba zetu nyakati za usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Baba amesikia kazini kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Umri wake umevuka miaka arobaini. Yeye na mkewe wanahesabu ada za shule, kodi ya nyumba na matumizi ya wazee walioko kijijini, na kila wakihesabu hesabu haitimii. Na nyuma ya hesabu hiyo kuna uchungu mwingine asioutamka. Katika ujana wake alitamani kuwa mtu fulani, hakuwa. Aliikubali kazi iliyopatikana, akajiambia kuwa ni ya muda, na muda huo umekuwa miaka ishirini. Sasa hata hiyo aliyoikubali kwa shingo upande inataka kumponyoka.

Kwa ajili ya mzee huyo na ahli zake, leo tumeona ni vyema tusimulie maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake linatajwa mpaka leo katika vyuo vikuu vya Mashariki na Magharibi, naye ni Abdulrahman bin Muhammad Ibn Khaldun, Allah amrehemu. Wengi wetu tunamjua kwa kitabu chake, Muqaddima. Wachache wanajua kuwa kitabu hicho kiliandikwa na mtu aliyekuwa amekwisha kupoteza kazi zote alizozitaka.

Kuzaliwa kwake na matarajio yake

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na tarehe 27 Mei 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, nchi ile ile ambayo familia nyingi za mwambao wetu zinanasibishwa nayo. Wazee wake walihamia Andalus, wakawa watu wa vyeo katika mji wa Seville, kisha wakavuka kwenda Afrika ya Kaskazini katika karne ya 13, kabla mji huo haujaangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1248. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa katika nyumba iliyokumbuka ukubwa uliopita.

Alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi, hadithi, lugha, na baadaye mantiki na falsafa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, tauni kuu ya miaka ya 1348 na 1349 iliufikia mji wa Tunis, ikawachukua baba yake, mama yake na wengi katika walimu wake. Akabaki kijana msomi, yatima, mwenye jina kubwa na hamu kubwa ya kulirudishia jina hilo hadhi yake.

Kazi yake ya kwanza serikalini, akiwa na miaka ishirini hivi, ilikuwa ni kuandika kwa hati nene maneno ya kumhimidi na kumshukuru Allah juu ya nyaraka za sultani wa Tunis. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini ni ya mkono tu. Aliiona ndogo mno kulinganisha na vyeo vya wahenga wake, akaiacha na kwenda Fez, katika nchi tunayoiita leo Moroko, ambako ndiko kulikokuwa na nguvu na wanavyuoni.

Miaka ya kupanda na kuanguka

Huko Fez ndipo yalipoanza masaibu yake. Sultani Abu Inan alimwingiza katika baraza lake, kisha mwaka 1357 akamtia gerezani kwa tuhuma za kula njama na amiri wa Bijaya. Alikaa kifungoni karibu miaka miwili, mpaka sultani huyo alipofariki mwaka 1358. Akatolewa, akawa katibu wa sultani mwingine, Abu Salim. Mwaka 1361 Abu Salim naye akapinduliwa na kuuawa.

Akavuka bahari hadi Granada, akapokewa kwa taadhima na Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake, mwanachuoni Ibn al-Khatib. Mwaka 1364 alitumwa kuwa balozi kwa Pedro, mfalme Mkristo wa Castile, katika mji ule ule wa Seville walikotoka babu zake. Mfalme alimwahidi kumrudishia mali za ukoo wake iwapo atabaki kumtumikia. Ibn Khaldun alikataa, akarudi. Lakini haukupita muda mrefu Granada nako kukawa kuzito kwake, kwa kuwa ukaribu wake na sultani ulianza kumtia wasiwasi waziri aliyekuwa rafiki yake.

Mwaka 1365 alifika pale alipopatamani tangu ujana. Amiri wa Bijaya, mji wa pwani ya Algeria ya leo, alimfanya hajibu, yaani mkuu wa shughuli zote za dola baada ya amiri mwenyewe. Asubuhi akiendesha mambo ya serikali, kisha akienda msikitini kusomesha, na siku ya Ijumaa akihutubu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu. Cheo hicho kilidumu mwaka mmoja hivi. Mwaka 1366 amiri wake aliuawa vitani na binamu yake, na Ibn Khaldun akalazimika kuukabidhi mji kwa mshindi, kisha kuondoka kwa kuhofia nafsi yake. Nduguye Yahya alikamatwa.

Hapa, ndugu msomaji, lipo jambo la kuzingatia. Muda mfupi baadaye mtawala wa Tlemcen alimwita awe hajibu wake. Ni cheo kile kile alichokitafuta kwa miaka mingi. Safari hii alikikataa, akampeleka Yahya badala yake. Mwaka 1370 alijaribu hata kujitenga katika ribati iliyo penye kaburi la Sheikh Abu Madyan, nje ya Tlemcen, apate kusoma na kufanya ibada. Hakuachwa. Watawala walimhitaji kwa sababu makabila ya jangwani yalimsikiliza, wakamtoa na kumrudisha katika kazi ile ile aliyoikimbia.

Wala tusimpambe kwa sifa asizokuwa nazo. Katika miaka hiyo alibadili mabwana mara nyingi, na waliomlaumu kwa hilo hawakukosa hoja. Alikuwa mtu mwenye tamaa ya cheo, na tamaa hiyo ilimgharimu.

Ngome ya Ibn Salama

Mwaka 1375, akiwa na umri wa miaka arobaini na tatu, mtawala wa Tlemcen alimwamuru tena aende kwa makabila kutafuta askari. Alitoka mjini kama aliyetii. Alipofika njiani aligeuza, akaomba hifadhi kwa Awlad Arif, watu wa kabila moja la Kiarabu, nao wakampokea, wakamwombea radhi kwa mtawala na kumletea ahli zake. Wakampa makao katika Qal'at Ibn Salama, ngome iliyo juu ya kilima karibu na mji wa Frenda, Algeria.

Alikaa huko karibu miaka minne. Hakuwa na cheo. Maktaba kubwa hakuwa nayo, wala mtu wa kumsifu. Alichokuwa nacho ni yale aliyoyaona kwa macho yake katika miaka zaidi ya ishirini: jinsi dola inavyopanda kwa mshikamano wa watu wake na kuanguka anasa inapoulegeza mshikamano huo; jinsi utawala mchanga unavyotoza kodi ndogo na kupata mapato mengi, na utawala mkongwe unavyotoza kodi nzito na kupata machache; jinsi riziki ya mwanadamu inavyotokana na kazi ya mikono na akili yake. Katika mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, aliandika Muqaddima, utangulizi wa historia yake kubwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Mtu angeweza kusema kuwa miaka yake ya Fez, Granada na Bijaya ilipotea bure. Lakini asingeliweza kuandika namna sultani anavyomwogopa waziri wake, lau hangelikuwa waziri aliyeogopwa. Asingeliijua nguvu ya makabila, lau hangelitumwa kwao mara kwa mara katika kazi asiyoipenda.

Misri na kazi ya ukadhi

Baada ya hapo alirudi Tunis kutafuta vitabu vya kukamilishia kazi yake. Husuda za wenzake zikamfuata huko, na mwaka 1382 akaomba ruhusa ya kwenda Hijja, akapanda jahazi kwenda Misri. Cairo ilimpokea vizuri. Alisomesha katika msikiti wa Al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamteua kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki.

Mwaka huo huo mkewe na watoto walikuwa njiani kumfuata kutoka Tunis. Chombo chao kikazama baharini, wakafa maji. Wakati huo huo ukali wake dhidi ya rushwa na mashahidi wa uongo ulimletea maadui wengi mahakamani. Mwaka 1385 aliondolewa katika ukadhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, amefiwa na mbali na nchi yake. Alirudi katika kusomesha na kuandika, na mwaka 1387 akahiji.

Baada ya miaka kumi na minne, mwaka 1399, aliitwa tena kuwa kadhi, kisha akaondolewa tena. Mwaka 1401, akiwa na miaka sitini na minane, aliteremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta wa Damascus uliozingirwa, akaenda kuzungumza na Timur, mshindi aliyetisha dunia ya zama zake. Kwa jumla aliteuliwa kuwa kadhi mara sita. Alifariki Cairo katika mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, yaani Machi 1406, majuma machache baada ya uteuzi wa sita, akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya lango la Bab al-Nasr.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, cheo ni mali ya aliyekitoa. Anaweza kukitwaa asubuhi bila kutoa sababu. Elimu na ujuzi vilivyomo kifuani mwa mtu haviwezi kuandikiwa barua ya kuachishwa. Hivyo mwenye kuhofia kazi yake na akae na karatasi, aandike yale anayoyajua kuyafanya baada ya miaka yake yote ya utumishi. Aghalabu ataona ni mengi kuliko jina la kazi yake.

Pili, Ibn Khaldun hakuinuka peke yake. Kabila zima lilimpa nyumba, likamwombea, likamletea familia yake, wala halikumwuliza atalipa lini. Ndugu na majirani wa aliyepunguzwa kazini wana wajibu kama huo. Na mke asifichwe habari mpaka siku ya kiinua mgongo, kwani mzigo wa riziki hubebwa vyema na wawili wanaoaminiana.

Tatu, tusidanganyane kuwa kila anayepoteza kazi ataandika kitabu cha kusomwa kwa karne sita, wala kuwa baada ya dhiki moja hazitakuja nyingine. Baada ya Muqaddima, Ibn Khaldun alipoteza wake zaidi kuliko aliopoteza kabla yake: alipoteza familia, na ukadhi mara kwa mara. Katika Muqaddima mwenyewe alieleza kuwa makadhi, mamufti na walimu kwa kawaida hawatajiriki. Mtu mmoja alipompinga, alimwonyesha kurasa chakavu za daftari la hesabu za jumba la Khalifa Ma'mun, lenye mishahara yao. Na aliyejua hilo ndiye aliyekubali kusomesha na kuhukumu mpaka kufa kwake.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape subira waliopoteza kazi zao na wanaohofia kuzipoteza, awafungulie milango ya halali wasiyoitarajia, na amrehemu Ibn Khaldun na ahli zake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.