Dkt. Krapf, Mtu wa Sala

Katika kanisa letu wapo waliolelewa na kitabu cha sala, na wapo waliozoea kesha, ambapo kila mtu hupaza sauti yake kwa wakati mmoja. Mara nyingine tunapimana: hawa wamepoa, wale wana kelele. Tunaposherehekea Jubilei hii, tumkumbuke mtu ambaye maisha yake yalizibeba njia hizo zote.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mkulima. Sehemu hiyo ilikuwa na Walutheri wengi wa uamsho, waliokutana majumbani kusoma Biblia na kuomba kwa maneno yao wenyewe. Huko ndiko imani yake ilikokomaa. Baadaye alitumwa Afrika na CMS, chama cha umisheni cha Kanisa la Uingereza, ambalo ibada zake hufuata kitabu.

Alianzia Ethiopia mwaka 1837. Huko alikuta Kanisa la kale linalosali kwa kufunga na kwa ngoma, katika lugha ya Kigeezi. Mengi ya Kanisa hilo hakuyakubali. Mwaka 1842 alizuiwa kuendelea na kazi yake huko, akatafuta njia nyingine ya kuingia Afrika.

Mwaka 1844 alifika Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai Rosine alifariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto wao wa kike naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Aliyewahi kufiwa anaijua sala ya saa kama hiyo: haina mpangilio, pengine haina hata maneno. Krapf hakurudi kwao. Aliendelea na kazi.

Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alifika, wakaanzisha kituo cha misheni Rabai. Watu walikuja kwa uchache. Mmoja wa walioamini mwanzoni aliitwa Mringe, mtu mwenye ulemavu.

Afya yake ilipodhoofika, Krapf aliondoka Mombasa mwaka 1853. Mwaka uliofuata, sala za asubuhi na jioni za Kanisa la Uingereza alizozitafsiri kwa Kiswahili zilichapishwa Tübingen. Tazameni jambo hili. Mtu aliyetoka kwa watu wa kuomba bila kitabu ndiye aliyetupa kitabu. Mwalimu yeyote anaweza kuelewa. Mtoto hufundishwa maneno kwanza, ndipo apate kusema yake. Vivyo hivyo, anayeanza kusali husaidiwa na maneno yaliyokwisha kusaliwa na wengine.

Mwaka 1862 alirudi pwani akiwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, ingawa hawakuwa wa chama chake. Hakuona kwamba shamba ni la dhehebu moja.

Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, Ujerumani. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Hakuna aliyeisikia sala ile ya mwisho. Hatujui kama ilikuwa ya kitabu, ya maneno yake mwenyewe, au ya kimya. Mungu aliyeipokea ndiye anayejua.

Leo hapa Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Jericho na Bahati, tunatoka katika nyumba zenye lugha tofauti: Kikamba, Kijaluo, Kikuyu, Kiluhya na nyinginezo. Jumapili tunasali Baba Yetu pamoja kwa Kiswahili. Krapf ni mmoja wa watu wa kwanza waliotutengenezea njia hiyo.

Basi wanakwaya, tunapoimba, tukumbuke kwamba wimbo nao ni sala. Mzee anayefuata kitabu chake kwa kidole, kijana anayelia kwa sauti kwenye kesha, na mama aliyenyamaza kiti cha nyuma, tusimpime yeyote kati yao. Tumpe nafasi asali.

Mungu awabariki nyote.

Katibu wa Kwaya