Shaaban Robert: Mlezi wa Kalamu Aliyeandika kwa Mtu Mmoja

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, hapa Bukoba, na kwa ndugu zetu wa Muleba, wapo vijana wengi wanaotunga. Mmoja ana daftari la mashairi, mwingine ana hadithi iliyoanza vizuri ikakwama katikati, na binti mwingine ana kaswida aliyoitunga mwenyewe akaona haya kuisoma mbele ya watu. Baadhi yao hutujia baada ya swala ya Ijumaa, daftari likiwa limefichwa chini ya kanzu au ndani ya mkoba. Wengi huuliza ni wapi watapata mchapishaji. Ni wachache wanaouliza ni nani atakayewasoma kwa makini, awaambie ubeti upi umesimama na upi umelegea. Nasi watu wazima mara nyingi huwapa maneno mawili ya kuwasifu, tukawaacha waende zao. Kijana akishasifiwa mara tatu bila kusahihishwa, daftari hilo hubaki lilivyo, na baadaye hulala chini ya godoro mpaka likaliwa na mchwa.

Kwa sababu hiyo tumeona vema leo tuyaeleze maisha ya Sheikh Shaaban bin Robert, ambaye jina lake kila mwanafunzi wa Tanzania analijua. Vitabu vyake tumevisoma darasani. Upande wake mmoja, hata hivyo, hautajwi sana, nao ni ule wa mlezi. Kazi zake kadhaa nzuri alizielekeza kwa mtu mmoja aliyemjua kwa jina na kwa sura, naye alitaka mtu huyo akue.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, mkoani Tanga. Asili ya wazazi wake ilikuwa Wayao, watu waliotoka mbali na pwani, lakini yeye Kiswahili kilikuwa lugha ya moyo wake, akakitumikia mpaka mwisho wa umri wake. Hili na tulizingatie sisi wa ziwani ambao bado tunadhani kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa Mombasa na Unguja peke yao. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, na huko ndiko masomo yake ya shule yalikoishia. Chuo cha watungaji hakikuwapo. Mwaka huo huo wa 1926 aliingia katika kazi ya ukarani wa forodha, akaifanya mpaka 1944, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyokaa. Kisha akawa katika Idara ya Wanyama mpaka 1946, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya hadi 1952, akamalizia katika ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka 1960.

Tumeitaja miaka hii kwa makusudi. Mtu huyu alikuwa karani kwa zaidi ya miaka 30. Mchana wake ulikuwa wa serikali, na kalamu yake ya utunzi ilisubiri saa za mapumziko. Alikuwa na wake na watoto, alifiwa na mkewe Amina aliyempenda sana, na alihamishwa kutoka kituo hadi kituo kama makarani wa zama zile walivyohamishwa. Anayesema leo kwamba hana nafasi ya kumsomea kijana daftari lake na ayaangalie maisha haya.

Katikati ya shughuli zote hizo, Shaaban Robert alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua zilizohifadhiwa zinaanza mwaka 1931 na kufika 1958, yaani miaka 27. Zilikuja kuchapishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka 40 baada ya kufariki kwake. Aliyezihariri ni Profesa M. M. Mulokozi, mwanazuoni wa Kihaya na mshairi, ambaye pia amefanya utafiti mkubwa juu ya tenzi za enanga za huku kwetu. Kwa hiyo maneno ya mtu wa Tanga kwa ndugu yake yametufikia kupitia mikono ya mtu wa Kagera.

Katika barua hizo mambo ya jamaa yamekaa pamoja na mambo ya kalamu. Kaka mkubwa anamzungumza mdogo wake kama mtu wa kushauriana naye, anamshirikisha habari za kazi zake, na anamwonyesha kwa mfano wake jinsi sentensi ya Kiswahili inavyopangwa ikapangika. Ndugu wasomaji, barua ni darasa la mtu mmoja. Anayeiandika hawezi kujificha nyuma ya umati, kwani anajua nani ataisoma, anajua udhaifu wake na nguvu zake, na huchagua neno litakalomfaa huyo na si mwingine. Naye anayeipokea huisoma mara nyingi, huona jinsi kaka yake alivyoanza, alivyogeuka na alivyohitimisha, na bila kuambiwa kwamba anafundishwa hujikuta amefundishwa. Yusuf Ulenge naye aliingia katika safu ya waandishi, na kitabu chake cha hadithi, Nguzo ya Maji, kilisomwa na watoto wa shule wa kizazi kile.

Jambo la pili katika ulezi wake ni tenzi mbili zilizomo katika kitabu cha Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949. Utenzi wa kwanza, Hati, aliutunga kwa ajili ya binti yake. Wa pili, Adili, aliutunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Ndani yake mna mawaidha juu ya dini, juu ya elimu, juu ya wazazi na juu ya kuishi na watu. Baba huyu aliona kwamba wosia ukisemwa kwa mdomo huweza kusahauliwa, na wosia ukipimwa kwa mizani na kufungwa kwa vina hukaa kifuani. Hapo watoto wake walipata mambo mawili kwa pamoja: mwenendo mwema, na sikio la kuutambua utenzi ulio sawa.

Njia hiyo Shaaban Robert hakuizua. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, aliutunga utenzi wake mashuhuri kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na karibu mwaka 1860 alifariki dunia. Utenzi wenyewe unaanza kwa kumwita binti akae karibu na mama, na vifaa vya kuandikia viwe tayari. Mama na binti, wino na karatasi: hakuna mtu wa tatu aliyetajwa. Hata hivyo utenzi ule umesomwa na vizazi kwa vizazi katika mwambao mzima. Vivyo hivyo kwa Hati na Adili. Watoto wawili waliandikiwa, na maelfu wakasoma. Kinachoandikwa kwa mtu mmoja kwa mapenzi na uangalifu huwafaa wengi, kwa sababu kila msomaji hujihisi kwamba ni yeye aliyeitwa akae karibu.

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Wahyi wa kwanza ulishuka katika pango la Hira, na hapo palikuwa na Jibril (AS) na Mtume (SAW) peke yao, naye akabanwa na kuachiwa, na kuamriwa asome, mpaka mara ya tatu. Nabii Musa (AS), pamoja na utukufu wake, alisafiri mwendo wa kuchosha kumtafuta mja mwema ambaye wanazuoni wanamtaja kwa jina la Khidhr, na sharti alilopewa lilikuwa subira.

Ama katika ushairi wenyewe, wanaopokea habari za washairi wa Kiarabu wanasimulia kwamba Zuhayr bin Abi Sulma, aliyejifunza kwa Aws bin Hajar, alimkataza mwanawe Ka'b asitangaze mashairi kabla kipaji chake hakijakomaa. Baadaye alimpandisha juu ya ngamia, akawa anamtolea nusu ya ubeti na kijana akiimalizia, mpaka baba aliporidhika akampa idhini. Ka'b huyo ndiye aliyekuja Madina mwaka wa 9 wa Hijra, akasilimu, akasoma kasida yake mbele ya Mtume (SAW) na kutunukiwa joho. Joho lile lina historia yake katika safari ile ya ngamia, kwa baba aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mwanawe kwamba bado.

Neno hilo, bado, ndilo linalotushinda wengi wetu. Tunaogopa kuvunja moyo. Lakini Shaaban Robert mwenyewe aliishi na neno hilo miaka mingi. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha vilichapishwa mbali kabisa, Afrika Kusini, na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kufikirika hakukiona kikiwa kitabu, kwani kilitoka mwaka 1967, naye alikuwa amefariki mwezi wa Juni 1962 na kuzikwa kwao Machui. Alipata heshima katika uhai wake: nishani ya Margaret Wrong, nishani ya MBE, na ujumbe katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini mtu anayesubiri miaka namna hiyo na bado anaandika huwa anamfundisha anayemtazama somo ambalo halimo katika kitabu chochote. Kijana akiwa karibu na mtu kama huyu hujua kwamba mswada uliorudishwa si msiba.

Nasi watu wa Kagera tunayo mizizi yetu. Tangu zamani, mpiga enanga wa Ihangiro au wa Kiziba hakufundishwa ubaoni. Alikaa karibu na mpigaji mkubwa, akamtazama vidole, akamsikiliza akisimulia habari za watawala na mashujaa, akashika maneno kidogo kidogo mpaka akaweza kusimama peke yake. Madrasa zetu nazo ni hivyo hivyo: mtoto mmoja mbele ya mwalimu, ubao mkononi, na hapewi somo jipya kabla ya lile la jana kunyooka. Tunazo basi njia mbili za urithi, ya enanga na ya madrasa, na zote zinafundisha jambo moja. Kwa nini mtunzi wa Kiswahili peke yake aachwe yatima?

Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo. Kwanza, kwa wenye elimu: walimu wastaafu, masheikh, makatibu na makarani wanaoijua lugha, kila mmoja na achukue kijana mmoja. Hatusemi kumi. Kumi watakushinda, nawe utarudi kwenye kuwasifu na kuwaaga. Saa moja baada ya swala ya alasiri, siku moja katika juma, yatosha. Mwache asome kwa sauti mwenyewe, kwani mizani iliyopungua husikika kabla haijaonekana. Mwonyeshe kosa, kisha mpe kalamu alisahihishe yeye. Ukimsahihishia wewe, ubeti utakuwa wako na ujinga utabaki kwake.

Pili, kwa vijana: usimwendee mtu kwa kutaka sifa. Mwendee ukiwa tayari kurudi na daftari lenye alama nyingi, na juma lijalo urudi tena. Na anayeishi mbali, huko visiwani au vijijini ambako hakuna wa kumsomea, na aandike barua kama Yusuf Ulenge alivyoandikiana na kaka yake. Leo barua huenda kwa simu na kufika papo hapo, na umbali umebaki kuwa udhuru dhaifu.

Tatu, kwa wazazi: andika kitu kwa ajili ya mwanao. Usijali kama hujui vina. Hata ukurasa mmoja wa wosia, ulioandikwa kwa mkono wako na kwa jina lake, ataukuta siku ambayo wewe hupo, atausoma na kujua namna ulivyokuwa ukimfikiria.

Tunamwomba Allah (SW) amrehemu Sheikh Shaaban Robert, amrehemu Mwana Kupona, na awarehemu walimu wetu wote waliotukalisha mbele yao mmoja mmoja na kutuvumilia. Na awajaalie vijana wetu wa Bukoba na Muleba wapate wa kuwasoma, kabla mchwa hawajawatangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.