Argwings-Kodhek: Mwalimu aliyeacha chaki akawa wakili wa kwanza Mwafrika nchini

HADI mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mwafrika aliyefikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya hakuwa na wakili Mwafrika wa kumtetea. Jaji alikuwa Mzungu, nao mawakili walikuwa Wazungu na Wahindi.

Aliyeivunja hali hiyo alikuwa mwalimu wa shule, Clement Argwings-Kodhek, aliyezaliwa Gem, Nyanza, mwaka wa 1923.

Alisomea ualimu katika Chuo cha Makerere nchini Uganda, kisha akafundisha kwa miaka kadhaa. Zama hizo ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima zilizokuwa wazi kwa Mwafrika msomi, na aliyeipata hakuiacha hivi hivi.

Mnamo 1947 alipata ufadhili wa kwenda Cardiff, Wales, kusomea anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu na desturi zao. Masomo ya aina hiyo hayakuwatia wakoloni wasiwasi. Sheria ilikuwa jambo jingine, kwani aliyeijua angeweza kusimama kizimbani pa serikali na kuihoji.

Hata hivyo, alipofika huko, Argwings-Kodhek aliamua kugeukia sheria. Mwaka wa 1951 akakubaliwa kuwa wakili kupitia Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili jijini London.

Ukubwa wa hatua hiyo huonekana mtu akikumbuka kwamba Afrika Mashariki haikuwa na kitivo cha sheria hadi 1961, kilipofunguliwa Dar es Salaam. Aliyetamani uwakili kabla ya hapo alilazimika kuvuka bahari.

Aliporejea nyumbani, elimu yake haikumwondolea ubaguzi. Kazi ya serikali katika afisi ya Mwanasheria Mkuu ilikuwa na mshahara wa theluthi moja tu ya ule wa Mzungu mwenye sifa kama zake. Hakukubali kutumika kwa masharti hayo, akaamua kujitegemea.

Isitoshe, alikuwa amemwoa Mavis Tate, mwanamke wa Ireland, katika jiji ambalo mitaa yake iligawanywa kwa misingi ya rangi. Maisha ya wanandoa hao yakawa changamoto kwa utaratibu mzima wa kikoloni.

Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Sheria zikawa kali mno, hata kupatikana na risasi kukaweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Kufikia mwisho wa vita hivyo, Waafrika zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Ni wakati huo ambapo uamuzi wa Cardiff ulizaa matunda. Argwings-Kodhek aliwatetea washukiwa wengi, maskini kwa matajiri, hata akajulikana kama wakili wa Mau Mau. Si kesi zote alizoshinda, lakini washtakiwa walipata mtu wa kudai ushahidi uchunguzwe kabla ya roho kupotea.

Kutoka mahakamani aliingia katika siasa. Serikali iliporuhusu vyama vya wilaya mnamo 1955, aliongoza chama cha Nairobi District African Congress. Katika uchaguzi wa Machi 1957 alishindwa na Tom Mboya katika kiti cha Nairobi, lakini baada ya uhuru alikuwa Mbunge wa Gem na waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta.

Alifariki Januari 29, 1969, akiwa na wadhifa wa kusimamia mambo ya nje, baada ya kisa cha barabarani mtaani Hurlingham, Nairobi. Serikali ilisema ilikuwa ajali, ingawa wengi hawakuacha kutilia shaka maelezo hayo. Barabara hiyo sasa inaitwa kwa jina lake.

Leo Kenya ina maelfu ya mawakili, na sheria hufundishwa katika vyuo vikuu vingi nchini. Mwalimu anayetaka kuacha chaki na kuvaa joho la wakili halazimiki tena kuvuka bahari, wala kusomea jambo moja huku moyo wake ukiwa katika jingine.