Joseph Conrad: Baharia Aliyejifunza Kiingereza Melini na Kuwa Mwandishi Mashuhuri

Miongoni mwa waandishi wakubwa wa riwaya za Kiingereza, Joseph Conrad ana historia ya pekee. Hakuzaliwa Uingereza, hakusoma katika shule ya Kiingereza, na alipofikisha umri wa miaka 20 bado alikuwa hajui kuizungumza lugha hiyo. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kipolandi na Kifaransa.

Conrad, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Józef Teodor Konrad Korzeniowski, alizaliwa Desemba 3, 1857 mjini Berdychiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wapolandi waliopigania uhuru wa taifa lao, na kwa sababu hiyo mwaka 1862 familia ilipelekwa uhamishoni Vologda, kaskazini mwa Urusi. Mama yake alifariki dunia mwaka 1865 na baba yake mwaka 1869. Mtoto huyo, aliyebaki yatima akiwa na umri wa miaka 11, alilelewa chini ya uangalizi wa mjomba wake, Tadeusz Bobrowski.

Baba yake, Apollo, alikuwa mshairi na mfasiri. Miongoni mwa kazi alizozifasiri kwa Kipolandi ni tamthilia ya Shakespeare, na mwanawe alizisoma kurasa za mswada huo zikiwa bado mezani. Hivyo, kabla ya kujua neno lolote la Kiingereza, tayari alikuwa ameonja fasihi ya Waingereza kupitia lugha ya nyumbani.

Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 16, aliondoka kwenda Marseille, Ufaransa, kutafuta kazi ya ubaharia. Ni katika bandari hiyo ndipo aliposemeshwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Mashua aliyokuwamo ilisogea ubavuni mwa meli ya Kiingereza, na baharia aliyekuwa juu akampigia ukelele wa kumtaka ajihadhari. Hapakuwa na kamusi wala mkalimani. Sauti, mahali na tukio lenyewe vilitosha kumfahamisha maana.

Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shule yake. Mwezi Juni 1878 aliteremka katika bandari ya Lowestoft, mashariki mwa Uingereza, na muda mfupi baadaye akaajiriwa katika merikebu iliyosafirisha makaa ya mawe kati ya mji huo na Newcastle. Mabaharia wenzake walikuwa wenyeji wa pwani hiyo, na hakuna aliyemfundisha sarufi. Amri ilitolewa, kamba ikavutwa, tanga likapanda, naye akalihifadhi neno pamoja na kazi yake. Kutoelewa hakukuwa kosa la daftarini, kwa kuwa amri isiyoeleweka wakati wa dhoruba ingeweza kugharimu maisha ya watu.

Kujifunza kwa namna hiyo kuna faida ambayo wasemaji wa Kiswahili wanaweza kuitambua kwa urahisi. Anayesema kwamba mambo yamekwenda mrama anatumia neno la baharini, nalo humwingia vizuri zaidi mtu aliyewahi kuona chombo kikiyumba kwa mawimbi. Kiingereza nacho kina misemo ya asili hiyo. Upepo ukilipiga tanga kwa mbele na kulisukuma dhidi ya mlingoti, merikebu husimama ghafla; jina la tukio hilo leo hutumika kwa mtu aliyepigwa na butwaa. Conrad aliishi mahali ambapo misemo kama hiyo ilikuwa bado kazi ya mikono, kabla ya kuikuta vitabuni.

Aidha, hakutegemea kusikia peke yake. Alisoma magazeti, na merikebu yake ilipokuwa ikifanyiwa matengenezo katika bandari ya Falmouth, alisoma kazi za Shakespeare katika kitabu kimoja cha bei nafuu huku mafundi wakigonga nyundo kandokando yake. Mwaka 1880, miaka miwili tu baada ya kufika Uingereza, alifaulu mtihani wa afisa wa meli, na mwaka 1886 akapata cheti cha unahodha pamoja na uraia wa Uingereza.

Mwaka 1889 alianza kuandika riwaya kwa Kiingereza. Aliubeba mswada huo safarini kwa miaka kadhaa bila kuuonesha kwa watu, hadi alipompa abiria mmoja kijana katika meli ya Torrens. Alitaka kujua kama kazi hiyo ilistahili kumalizwa na kama hadithi ilieleweka. Jibu lilikuwa ndiyo. Riwaya hiyo, Almayer's Folly, ilichapishwa mwaka 1895, ikafuatiwa na Lord Jim mwaka 1900 na Nostromo mwaka 1904.

Mwaka 1890 Conrad alifanya kazi Kongo, akapanda mto kwa meli hadi eneo ambalo leo ni Kisangani, mji unaozungumza Kiswahili. Safari hiyo ilizaa Heart of Darkness, kitabu kilichofichua ukatili wa ukoloni wa Wabelgiji. Hata hivyo, mwaka 1975 mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, alikikosoa vikali kwa kuwanyima Waafrika utu na hata usemi. Mtu aliyehangaika kuipata lugha ya wengine hakuwasikiliza vya kutosha wenyeji wa mto huo.

Conrad alifariki dunia Agosti 3, 1924 nyumbani kwake karibu na Canterbury, miezi michache baada ya kukataa heshima ya cheo cha Sir. Hadi mwisho wa maisha yake alizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito ya Kipolandi. Lafudhi hiyo haikumzuia kuandika, kwani maneno yake aliyapata pale yalipokuwa yakifanya kazi, na huko ndiko alikojua uzito wa kila moja.