UNAUJUA WIMBO, JE, MTUNZI WAKE UNAMJUA?

Kijana, kabla hujaikunja karatasi hii ukafungia karanga, nijibu swali moja. Ulipokuwa shule ya msingi, iwe ni hapa Bariadi mjini, au Dutwa, au Nkololo, au kule Itilima, mlikuwa mnaimba nini asubuhi mstarini? Bendera inapanda, mwalimu wa zamu amesimama na fimbo yake, na ninyi mmenyooka mikono chini. Si mlikuwa mnaimba Mungu Ibariki Afrika? Umeuimba na njaa, umeuimba na usingizi, umeuimba miaka saba. Hata wewe uliyekuwa unatoroka kwenda kuchunga ng'ombe, wimbo huo umeushika.

Swali la pili: nani aliutunga?

Nimewauliza vijana wengi. Mmoja ananiambia ni Mwalimu Nyerere. Mwingine anasema eti Wazungu walituachia. Wote wamekosa! Aliutunga mwalimu wa kwaya, kijana mwenye umri wa miaka kama ishirini na minne, mtu wa kanisani, na alikuwa anawatungia wanafunzi wake. Jina lake Enoch Sontonga.

Mimi ni mtu wa darasa la saba na kozi ya Biblia, mambo haya nimeyapata kwa kuazima vitabu vya watu. Lakini nilipoyasoma yalinikamata, maana mimi nami ni mtu wa kwaya, na nitakusimulia hapo mbele kilichonikuta.

Enoch alizaliwa karibu na mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Kwa kabila alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, halafu akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti mahali paitwapo Nancefield, karibu na Johannesburg.

Hebu fikiri Johannesburg ya siku zile ilikuwaje. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, na mji ukaota kama uyoga baada ya mvua. Wewe uliyewahi kufika machimboni unajua hali yake. Watu wametoka kila pembe, pombe iko usiku na mchana, fedha ya leo haifiki kesho. Mtu mweusi anashuka chini ya ardhi kutafuta mali ambayo si yake, na huko kwao watoto wanakua bila kumjua baba. Kijana Enoch akawekwa hapo. Ndiyo maana nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni. Zilibeba mateso ya watu wake.

Kazi zake zilikuwa nyingi. Alikuwa mwalimu wa shule, alikuwa mwalimu wa kwaya, alikuwa mpiga picha, tena alikuwa anahubiri ingawa hakuwa mchungaji. Alimwoa Diana, binti wa mchungaji, wakapata mtoto wa kiume. Sasa wewe unasema huwezi kumtumikia Mungu kwa sababu una kibanda cha kuchaji simu!

Angalia alivyofanya kazi. Hakuwa na kinanda cha umeme, hakuwa na spika. Alikuwa na daftari. Kila wimbo aliotunga aliuandika kwa mkono, maneno yake pamoja na sauti zake, zile do, re, mi za herufi ambazo wenzetu wa kwaya za zamani wanazijua mpaka leo. Daftari likajaa nyimbo. Na kwaya yake haikukaa kanisani tu kungoja Jumapili, ilizunguka Johannesburg na ikafika mpaka Natal kuimba.

Mwaka 1897 akatunga wimbo mmoja mfupi tu, ubeti mmoja na kiitikio, kwa ajili ya shule yake. Ni sala. Ubeti unamwomba Mungu aibariki Afrika na asikie maombi yetu. Na kiitikio, haleluya, kinamwita Roho Mtakatifu ashuke! Sehemu hiyo katika Kiswahili chetu haimo, lakini Enoch aliiandika. Kwa hiyo wewe unayejisifu kijiweni kwamba hujawahi kusali, kumbe umesali miaka saba mstarini bila kujua.

Mwaka 1899 wimbo ule ukasikika mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya kuwekewa mikono mchungaji mmoja wa Kimethodisti, Boweni. Hapo nataka usimame kidogo. Wimbo ambao baadaye ungeimbwa na mataifa ulitoka siku ambayo sherehe ilikuwa ya mtu mwingine. Macho yote yalikuwa kwa mchungaji mpya. Mwalimu wa kwaya alikuja kumsindikiza mwenzake.

Wewe wa huku kwetu unajua mambo ya Bagika na Bagalu. Pamba ikishauzwa na watu wana kitu mfukoni, ngoma mbili zinapangwa uwanja mmoja. Manju huyu anaimba huku, manju yule anaimba kule, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wengine wanatafuta mpaka dawa ya mvuto ili uwanja wa mwenzake ubaki vumbi tupu. Mimi nimekulia humo, babu yangu alikuwa hakosi. Na nikuambie siri ambayo watu wa makanisa hawapendi niiseme: wengi wetu tukiokoka, nyoka tunamwacha nje, dawa tunachoma, lakini ile roho ya kushindania uwanja tunaingia nayo kwaya. Tunaita huduma. Ni kwaya hii na kwaya ile, ni nani kapewa nafasi ya mwisho watu wakiwa wamejaa, ni sare ya nani imemeta zaidi.

Mimi niliacha kwaya miezi minne kwa sababu ya maikrofoni. Nilikuwa kiongozi wa sifa katika kanisa moja dogo, na sauti ninayo, sisemi kwa majivuno. Akaja kijana mwingine kutoka mjini, anajua kinanda, na mkutano ulipokuja wakampa yeye kuongoza. Mimi nikapewa kukunja nyaya. Kukunja nyaya! Nilikaa nyumbani na hasira, nikasema bila mimi wataona. Hawakuona kitu. Mkutano ulifanyika, watu wakaokoka, mvua ikanyesha, watu wakalima. Mke wangu ndiye aliyeniuliza jioni moja tukiwa tunamenya viazi, hivi ulikuwa unamwimbia nani siku zote zile? Sikuwa na jibu, nikaendelea kumenya.

Basi, nirudi kwa Enoch. Tarehe 18 Aprili 1905 alikufa. Alikuwa na miaka thelathini na mbili tu, amesumbuliwa na tumbo. Wazee wanasema mti wenye matunda haukosi kupigwa mawe, lakini huyu hata mawe hakupigwa, alikuwa hajulikani. Walimzika katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, upande waliotengewa Wakristo weusi, kwa sababu hata maiti zilikuwa zinabaguliwa.

Akaacha mjane, mtoto na daftari.

Walimu wa kwaya wengine wakawa wanamwendea Diana kuomba nyimbo za marehemu. Watu waliazima daftari, na nyimbo nyingi zikapotea moja kwa moja, hazijulikani mpaka leo. Ule wimbo wa Afrika nao, Diana aliishia kuuza haki yake kwa peni sita. Peni sita ni nusu shilingi, ile ambayo wazee wetu waliita thumuni. Ninyi mnaorekodi nyimbo na kugombana na mwenye studio, mnasikia? Wimbo wa taifa kwa thumuni moja! Diana alifariki mwaka 1929.

Lakini wimbo ulikuwa umeshatoka mikononi mwa watu. Mchungaji John Dube alikuwa na shule yake huko Natal inaitwa Ohlange, na kwaya ya pale ikauchukua na kuuimba kwenye matamasha. Tarehe 8 Januari 1912 viongozi weusi wa Afrika Kusini walikutana Bloemfontein kuanzisha chama cha kutetea watu wao, kile ambacho baadaye kiliitwa ANC, na baada ya sala ya kufunga mkutano waliimba wimbo huo. Mwaka 1923 mwandishi Solomon Plaatje akaurekodi kwenye santuri, London. Mwaka 1925 ANC wakaufanya wimbo wao. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba, maana Enoch alikuwa ameacha ule mmoja.

Ukapanda kuja kaskazini. Tanganyika tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti ile ile ya mwalimu wa kwaya wa Nancefield ndiyo iliyoimbwa, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nao wakachukua sauti hiyo na kuweka maneno yao. Zimbabwe waliutumia tangu uhuru wao mwaka 1980 mpaka 1994. Kwao Afrika Kusini serikali ya makaburu haikuutaka, lakini watu waliuimba kwenye mazishi, kwenye mikutano, hata polisi wakiwa mlangoni. Tangu 1997 uko ndani ya wimbo wao wa taifa.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa anafundisha watoto do, re, mi.

Na kaburi? Hapo ndipo nilipolia, nasema kweli. Mandela alipotoka gerezani na kuwa rais, watu wakataka kumheshimu mtunzi. Wakaenda kutafuta kaburi lake, hawalioni. Walitafuta kwenye vitabu vya makaburi jina la Sontonga, halipo. Miaka karibu tisini imepita, hakuna jiwe wala msalaba. Mwishowe wakagundua kwamba mwandishi wa zamani alikuwa amemwandika kwa jina moja tu, Enoch, kama vile unavyoandika mtumishi wa nyumbani. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Mandela alisimama mahali pale na kuzindua mnara, na kaburi likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mpaka siku ile, mtu uliyekuwa unaimba wimbo wake kila asubuhi alikuwa amelala bila jina lake kamili.

Tangu nisome habari hizo nilirudi kanisani. Kuongoza sifa sijarudishiwa, na yule kijana wa kinanda anaongoza vizuri, sina neno. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili. Jumamosi nakusanya watoto wa mtaa, wapo wa waliookoka na wapo wa wasiookoka, tunajifunza kuimba sauti nne. Wimbo ukitoka naandika. Wengine wanakuja kwa ajili ya uji tu, nao wanakaribishwa. Yuko mmoja ambaye zamani alikuwa anafuata ngoma ya baba yake, ana besi ya ajabu. Sijui hata nitampa wimbo gani.

Wewe uliyepewa karatasi hii uwanjani, labda una sauti na hujawahi kuingia kanisani hata siku moja. Labda ulisimama na rafiki zako nyuma kabisa, karibu na baiskeli, mnacheka walokole. Hilo halinisumbui, hata mimi nilianzia huko huko nyuma. Jioni hii kwaya ikimaliza, usiende jukwaani kunitafuta, huko hutanikuta. Zunguka nyuma ya spika, upande wa jenereta. Ukimwona mtu mwembamba anakunja nyaya, ndiye mimi. Njoo na maswali yako, hata ya kubishana. Daftari ninalo mfukoni.